Jinsi ya kushika siku ya mapumziko kila wiki: mwongozo kwa Mkristo wa Malindi anayeanza

Maswali ni yale yale, na mengi huulizwa mlangoni mwa kanisa mtu akiwa ameshashika pochi aondoke. Nikipika nimevunja? Nikifua sare ya mtoto je? Simu niizime? Mimi ni mtu wa hoteli, Jumapili siioni, nifanyeje? Nimeyaandika majibu mahali pamoja, ili anayeuliza asome kwanza, halafu tuzungumze yatakayobaki.

Kuhusu Jumamosi au Jumapili sitabishana nawe hapa. Waadventista wa Sabato hushika tangu jua kuzama Ijumaa hadi jua kuzama Jumamosi, kwa kufuata amri ya siku ya saba iliyo katika Kutoka 20. Wakatoliki, Waanglikana na makanisa mengi mengine hukutana Jumapili, siku ya kufufuka kwa Kristo. Anayetaka mjadala huo asome Warumi 14 kwanza, apunguze moto. Hatua zilizo hapa chini zinafaa pande zote mbili.

Nadharia ni hii tu. Amri Kumi zimeandikwa mara mbili, na kila mara ile ya Sabato imepewa sababu yake. Katika Kutoka 20 sababu ni kwamba Mungu aliumba kwa siku sita akapumzika ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni Misri: mlikuwa watumwa, basi mtumishi wako na mjakazi wako nao wapumzike kama wewe. Ya kwanza tunaijua kwa kichwa. Ya pili ndiyo inayotuumbua, maana nyumba nyingi baba anapumzika, watoto wanapumzika, na mama yuko jikoni tangu alfajiri akichambua mchele wa pilau ya "siku ya mapumziko". Hapo kazi haijasimama, imerundikwa kwa mtu mmoja. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: muangalie anayechoka zaidi nyumbani mwako. Kama huyo hajapumzika, siku haijashikwa.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Siku moja iliyochaguliwa, na saa zake za kuanza na kumaliza.
- Mtu mmoja au wawili wa kushika nawe: mwenzi, dada, rafiki wa jumuiya ndogo. Peke yako utachoka wiki ya tatu.
- Akiba ya chakula cha siku moja na pesa kidogo za siku hiyo (nitaeleza hesabu yake).
- Maji kwenye madumu na ndoo zenye vifuniko. Mwenyeji hahitaji kuambiwa kwa nini.
- Tokeni za stima na gesi au makaa ya kutosha.
- Biblia. Ya karatasi, kama unayo. Sababu utaiona tukifika kwenye simu.

Huhitaji ruhusa ya mchungaji wala nguo mpya.

Hatua

1. Chagua siku na uiwekee mipaka.

Ukisema "Jumapili nitapumzika" bila saa, Jumapili itaanza saa tano baada ya kufua na kuisha saa nane mteja akipiga simu. Ninapendekeza jioni hadi jioni hata kwa wa Jumapili, maana usiku wa kulala ndio unaoipa siku mwanzo mzuri. Hapa Malindi jua halina mambo mengi: mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini. Tena huhitaji kuangalia saa. Ukisikia adhana ya Magharibi, jua limeshazama. Najua Waadventista wanaoifungua Sabato yao kwa adhana ya msikiti wa jirani, na hakuna aliyeona ajabu.

Kama siku nzima ni nzito kwako, anza na nusu: jioni hadi saa sita mchana. Fanya hivyo mwezi mmoja, kisha uongeze.

2. Ongea na wanaokutegemea na unaowategemea.

Nyumbani kwanza. Usitangaze kama hakimu. Uliza kila mmoja kazi gani inamchosha zaidi siku hiyo. Utashangaa. Mtoto anaweza kukwambia ni kutumwa dukani mara sita.

Kisha dada wa kazi, kama unaye. Apate siku yake, kamili, na mshahara usiguswe. Kama siku yake ni tofauti na yako, sawa, lakini siku yako isiwe ndiyo siku ya yeye kupikia wageni wako.

Kisha mwajiri. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inataja waziwazi haki ya kushika siku ya ibada. Zijue, lakini usiingie ofisini ukizipeperusha. Wanaopata siku yao hotelini ni wanaokwenda kwa msimamizi kabla rosta haijabandikwa, wakiwa na pendekezo mkononi. Pendekezo linalofanya kazi sana hapa kwetu ni kubadilishana: wewe umshikie mwenzako Mwislamu zamu ya Ijumaa mchana na siku za Idi, naye akushikie Jumapili asubuhi na Krismasi. Pande zote zinapata ibada, na bosi hapungukiwi mtu.

3. Fanya hesabu ya pesa mapema.

Hapa ndipo wa tuktuk, wa bodaboda na mama mboga hunitazama kwa jicho la "wewe una mshahara". Swali lao ni la haki. Chukua matumizi ya nyumba kwa siku, uyagawe kwa sita, na kila siku ya kazi weka kando fungu hilo. Nyumba inayotumia shilingi 600 kwa siku iweke 100 kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili ina 600 yake. Iweke mahali ambapo mkono haufiki haraka, si kwenye pesa za chenji.

Anayeendesha chombo cha mtu azungumze na mwenye chombo kuhusu hesabu ya siku hiyo, yaani pesa anazompelekea. Wengine hukubali kupokea zaidi kidogo siku sita kuliko kumpata dereva aliyechoka siku saba. Akikataa, shika nusu siku. Nusu siku iliyoshikwa kweli ni bora kuliko siku nzima ya kujidanganya.

4. Fanya kazi za siku ya maandalizi.

Katika Kutoka 16 watu waliambiwa waokote mana maradufu siku ya sita. Wengine hawakusikia, wakatoka siku ya saba kuokota, wasipate kitu. Kwa hiyo siku ya sita ndiyo yenye jasho. Kwa anayeshika Jumapili, Jumamosi iende hivi:

Asubuhi fua, sare za shule kwanza, maana hizo ndizo huvamia Jumapili jioni. Zianikwe mapema; msimu wa mvua za Aprili na Mei zisipokauka Jumamosi utakuwa na nguo mbichi na moyo mzito. Piga pasi za sare na za ibada pamoja. Jaza madumu. Nunua tokeni. Lipa deni la dukani kwa jirani, hata nusu yake, ili usipite mlangoni kwake Jumapili ukijificha.

Mchana nenda sokoni mara moja tu, na orodha. Chumvi na kiberiti ndivyo husahaulika.

Fagia na upange nyumba, lakini usijaribu kufanya usafi wa mwaka. Watu huharibu hapa: wanajichosha mpaka usiku wa manane kisha wanasinzia kwenye mahubiri. Kilichobaki kichafu saa kumi na mbili jioni kibaki kichafu. Hakiendi popote.

5. Panga chakula, na uogope nazi.

Kupika si dhambi, na sitaki kusikia mtu amelaza watoto na njaa kwa sababu ya mwongozo huu. Lengo ni kazi ya jikoni siku hiyo isizidi kupasha moto na kupakua. Shida ni kwamba upishi wetu wa Pwani umejengwa juu ya nazi, na kwa joto la Malindi chakula cha nazi hakilali. Wali wa nazi wa jana usiku ulioachwa kwenye sufuria ni tumbo la kuendesha kesho yake.

Kwa hiyo tenganisha. Mbaazi zichemshe Jumamosi kwa maji na chumvi tu, mpaka ziive kabisa na maji yakaribie kukauka. Zikipoa, weka kwenye friji. Kama huna friji, zichemshe upya usiku kabla ya kulala, ufunike na usichovye tena kijiko humo. Asubuhi ya Jumapili zinuse kwanza, kisha zichemke tena. Kuna nazi uliyoikuna? Chuja tui, mimina, koroga mpaka lichemke, epua. Robo saa haiishi. Kama kukuna nazi asubuhi ni kazi kwako, nunua tui la pakiti bila kuona haya.

Mahamri yachome Jumamosi jioni. Unga uliokandwa mchana kwa tui na iliki huwa umeshaumuka alasiri. Yakipoa kabisa, ndipo uyafunike. Ukifunika yangali moto yatatoa jasho na asubuhi yatakuwa kama sifongo. Mkate wa sinia nao hulala vizuri.

Samaki akaangwe akauke, achari ya embe iwe tayari, na chakula cha mchana kiwe kitu cha sufuria moja. Viazi, muhogo wa kuchemsha, maharage ya jana yaliyowekwa kwenye baridi. Pilau ya nyama iache kwa sikukuu. Najua hapa nitagombana na watu.

Vyombo: kila mtu aoshe sahani yake. Baba pia.

6. Funga biashara, kisha funga simu.

Nehemia 13 ina kisa kinachowafaa watu wa pwani: wafanyabiashara wa Tiro walikuwa wakileta samaki Yerusalemu na kuwauza siku ya Sabato. Nehemia hakuhubiri tu. Aliamuru malango yafungwe giza lilipoanza kuingia, na Sabato haijaanza. Yaani hakusubiri majaribu yafike ndipo ayashinde.

Lango lako leo ni simu. Jumamosi saa kumi na moja jioni bandika ujumbe kwenye status na utume kwa wateja wa kudumu:

"Kesho sifungui. Oda napokea leo hadi saa kumi na mbili, au Jumatatu asubuhi. Kwa dharura piga simu, usitume ujumbe. Ubarikiwe."

Kisha nyamazisha makundi yote: la kanisa, la chama, la wazazi wa darasa, la ukoo. Ruhusu simu za watu watano au sita wenye haki ya kukuamsha usiku. Ukisoma Biblia kwenye simu utaanza na Zaburi na kumaliza na bei ya sofa, ndiyo maana nikasema ya karatasi.

7. Ianze kwa kitendo kinachoonekana.

Bila kitendo, hakuna atakayejua siku imeanza. Washa mshumaa au taa ya chemni, kila mtu akae, msome Zaburi ya 92, ambayo kichwa chake ni wimbo wa siku ya Sabato. Sala fupi. Mkale. Watoto wapewe kitu ambacho hakiliwi siku nyingine. Kwangu ni kashata.

8. Siku yenyewe.

Ibada, halafu urudi nyumbani. Nasema urudi, kwa sababu kanisa lenyewe limekuwa shamba la kazi: mazoezi ya kwaya, kikao cha kamati, harambee, kikao cha kutathmini harambee. Chagua huduma moja kwa siku hiyo. Vikao vingine viombe vihamishiwe siku za wiki. Ukiwa mzee wa kanisa au mwenyekiti wa kina mama, wewe ndiye wa kuvihamisha. Mchungaji na padri hawapumziki siku hiyo, wana siku yao nyingine, basi usimpigie Jumatatu saa moja asubuhi kumuuliza habari za cheti cha ubatizo.

Mchana laleni. Kulala ni sehemu halali ya siku.

Alasiri tokeni. Jua likipungua makali tembeeni ufukweni. Angalieni maji kwanza, maana wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, yakijaa ukanda wa kutembea hubaki mwembamba, na yakipwa watoto wanapata vidimbwi vya kuchezea karibu na nguzo ya Vasco da Gama. Au mtembelee mgonjwa. Yesu alimnyoosha mwanamke aliyepinda kwa miaka 18 siku ya Sabato, sinagogini, mbele ya mkuu wa sinagogi aliyekasirika (Luka 13). Kumpeleka jirani hospitali, kukaa na wafiwa, kumkamua mbuzi maziwa, hayo fanya bila kuuliza mtu.

9. Ifunge.

Jua likizama, sala ya kushukuru, kila mmoja ataje jambo moja jema la siku. Kisha ondoa simu kwenye ukimya, panga mabegi ya shule. Usianze kufua usiku huo.

Makosa ninayoyaona sana

Kuhesabu makosa ya wengine ndilo la kwanza. Mtu ameshika wiki mbili, tayari anamkagua jirani aliyefungua kioski. Wakolosai 2:16, inayosema mtu asiwahukumu kwa habari ya sabato, iko kwa ajili ya huyo.

La pili ni kutuma wengine. Hukufungua duka, lakini ulimwacha kijana auze. Umepumzika kwa mgongo wake.

La tatu ni kuahirisha kwa sababu ya msimu. "Desemba wageni wengi, nitaanza Januari." "Mvua imenyesha, nipande kwanza." Kutoka 34:21 imelitaja hilo kwa jina: hata wakati wa kulima na wakati wa kuvuna, pumzika. Mkulima wa Ganda au Kakuyuni na mtu wa hoteli wa Desemba wote wamo katika mstari huo.

La nne ni kujaza siku na burudani mpaka jioni mmechoka kuliko siku ya kazi. Safari ya Watamu na watoto wanne kwa matatu mbili si pumziko la mama yeyote ninayemjua.

Ikikwama

*Zamu yangu hubadilika kila wiki.* Shika siku yako ya ofu, hata ikiwa Jumanne, na mipaka ile ile ya saa. Ibada hudhuria inapopatikana. Kwa Mkatoliki, Misa ya Jumamosi jioni hutimiza wajibu wa Jumapili. Muhimu ofu isiwe siku ya kufua ya wiki nzima: nguo zigawe, kidogo kidogo kila jioni.

*Mume wangu hataki habari hizi.* Usimshurutishe. Punguza kazi zako mwenyewe, weka chakula kilichoandaliwa mezani, mwambie mapema kwamba hakutakuwa na chapati za moto. Akiuliza kwa nini, jibu kwa kifupi.

*Nikikaa bure nawaza madeni.* Hiyo huja wiki za mwanzo. Jumamosi jioni yaandike madeni yote kwenye karatasi, na mbele ya kila moja siku ya kulishughulikia. Karatasi ikae ndani ya droo. Mawazo yakija, yanajua yalipo.

*Wageni huja bila taarifa.* Ni Pwani, watakuja. Wape kilichopo, mahamri na chai ya rangi vinatosha. Anayeshangaa kukosa pilau, mkaribishe Alhamisi.

*Matanga yameangukia siku yangu.* Nenda. Kama ulikesha huko na ukapika, chukua jioni moja katikati ya wiki ulale mapema, na wiki inayofuata urudi kwenye siku yako kama kawaida. Usijaribu kulipiza kwa kushika siku mbili.

*Mtoto ana mtihani Jumatatu.* Asome Jumamosi mchana, na Jumapili baada ya jua kuzama apitie kwa saa moja. Mwanafunzi wa bweni ana ratiba ya shule, usimpe mzigo wa kubishana na walimu. Mfundishe Zaburi 92 na kulala mchana.

*Nimeshindwa wiki tatu mfululizo.* Rudi hatua ya nne. Karibu kila anayeniambia hivi nikimuuliza habari za Jumamosi yake nakuta sare hazikufuliwa, tokeni ziliisha usiku, na ujumbe wa wateja haukutumwa. Tengeneza hayo matatu tu kwa wiki ijayo, mengine yaache yalivyo.